Shilingi 50,000 kwa baiti nne: njia tano za Common Lisp, na ipi uichukue

"Kijana wangu, hii bilioni ni ya nani?"

Mama mwenye stoo ya kahawa hapa Mbale alinigeuzia skrini nijionee mwenyewe. Mkulima aliyeondoka asubuhi ile na noti moja ya 50,000 alionekana kwenye ripoti amelipwa shilingi 1,354,956,800. Hakuna aliyeiba, na mashine haikuharibika. Programu yangu pale kwenye mizani, niliyoiandika kwa lugha ya Common Lisp, iliandika 50,000 kwa baiti nne (baiti ni namba ya 0 hadi 255, yaani biti nane za sifuri au moja) zilizopangwa hivi: 80, 195, 0, 0. Programu ya ripoti, ambayo mwenzangu aliiandika kwa Java, ilizisoma baiti zilezile ikiamini ile ya kushoto ndiyo yenye uzito mkubwa. Piga hesabu: 80 mara 16,777,216, jumlisha 195 mara 65,536. Bilioni yenyewe hiyo.

Tangu siku ile nimejaribu karibu kila njia ya kugeuza namba kuwa baiti katika Common Lisp, kwa kazi mbili zilizo kwenye meza moja: faili la rekodi za manunuzi linalosomwa na Java, na printa ndogo ya risiti. Kila mmoja ana mpangilio wake wa baiti na hataki wa mwenzake. Kwa mwenye haraka, hivi ndivyo ninavyoziona (nibbles, ironclad na lisp-binary ni maktaba za nje):

| Njia | Ichukue | Iache |
|---|---|---|
| `ldb` na `write-byte` kwa mkono | umbo ni dogo, hutaki maktaba ya nje | rekodi ni nyingi sana, au kuna namba za desimali |
| Mkondo (stream) wa `(unsigned-byte 32)` | faili la muda, unaliandika na kulisoma mwenyewe | faili litasomwa na mwingine yeyote |
| nibbles | rekodi za urefu maalumu, kasi, desimali | una namba mbili tatu tu |
| ironclad | namba kubwa za ufunguo wa siri | sehemu ina urefu maalumu |
| lisp-binary | umbo lina sehemu nyingi na utalisoma pia | unataka kujua kila baiti ilipo kwa jicho |

Kwa mkono

Wengi huanzia hapa, na kwa maoni yangu wengi wangebaki hapahapa. Lisp inakupa `ldb`, ambayo huchota kipande cha biti kutoka kwenye namba. `(ldb (byte 8 0) 50000)` inakupa 80, yaani biti nane za chini kabisa. `(ldb (byte 8 8) 50000)` inakupa 195. Jina `ldb`, kifupi cha "load byte", limerithiwa kutoka kwenye kompyuta ya zamani ya PDP-10, ambako baiti haikuwa lazima iwe ya biti nane; ungeweza kuwa na ya sita au ya tisa. Ndiyo maana hadi leo unalazimika kuiambia `byte` ukubwa na mahali pa kuanzia.

```lisp
(defun namba->baiti (n idadi &key (kubwa-kwanza t))
  (unless (typep n `(unsigned-byte ,(* 8 idadi)))
    (error "Namba ~D haienei katika baiti ~D." n idadi))
  (let ((safu (make-array idadi :element-type '(unsigned-byte 8))))
    (dotimes (i idadi safu)
      (setf (aref safu (if kubwa-kwanza (- idadi 1 i) i))
            (ldb (byte 8 (* 8 i)) n)))))

(namba->baiti 50000 4)                    ; => #(0 0 195 80)
(namba->baiti 50000 4 :kubwa-kwanza nil)  ; => #(80 195 0 0)
```

Ule mstari wa `unless` usiufute ukidhani ni wa mapambo. `ldb` haikemei. Ukiipa namba isiyoenea, inakata kimyakimya na kukurudishia kilichobaki. Kwa anayehesabu dola huenda biti 16 zikamtosha miaka mingi, kwa sababu zinafika 65,535. Sisi wa shilingi ya Uganda tunaipita hiyo kabla ya chai ya saa nne. `(ldb (byte 16 0) 70000)` inatoa 4464. Mkulima aliyeleta kahawa ya elfu sabini anaandikiwa elfu nne mia nne sitini na nne, na hakuna onyo lolote mahali popote. Afadhali ile bilioni, ilionekana siku hiyohiyo. Hii ingekaa kwenye vitabu hadi mwisho wa msimu.

Namba hasi nazo ni vilevile. Kwa `ldb`, hasi ina biti za moja zisizoisha upande wa kushoto, kwa hiyo `(ldb (byte 32 0) -5000)` ni 4294962296. Java, ambayo `int` yake ina alama (ya hasi au chanya), itaisoma kuwa -5000 barabara. Lakini ukiirudisha kwenye Lisp bila kuangalia biti ya juu, utaona deni la elfu tano limegeuka mali ya bilioni nne. Dawa yake ni mstari mmoja: `(if (logbitp 31 n) (- n (expt 2 32)) n)`. Na ile fanksheni yangu ya hapo juu inakataa namba hasi kabisa. Niliipanga hivyo makusudi, marekebisho ya bei yaende kwa fanksheni nyingine.

Kuandika sasa. Mkondo wa faili ukifunguliwa bila kutaja aina ni wa herufi, kwa hiyo taja:

```lisp
(with-open-file (f "manunuzi.dat" :direction :output
                   :element-type '(unsigned-byte 8)
                   :if-exists :append
                   :if-does-not-exist :create)
  (write-sequence (namba->baiti 50000 4) f))
```

Nimetumia `write-sequence` badala ya kuita `write-byte` mara nne. Kwa namba moja hutaona tofauti. Kwa picha inayokwenda printa utaiona, na hapo ndipo nilipokaa siku mbili.

Printa ya risiti, mfano ulionifundisha zaidi

Printa hizi ndogo za karatasi ya milimita 58, zinazojaa madukani Kampala na huku kwetu, nyingi zinafuata amri za ESC/POS. Unataka kuchapa nembo ya stoo? Unatuma baiti 29, 118, 48, kisha moja ya namna ya uchapaji, kisha upana kwa baiti mbili na urefu kwa baiti mbili, zote ndogo kwanza, yaani baiti yenye uzito mdogo inatangulia. Upana hauhesabiwi kwa nukta, unahesabiwa kwa baiti. Printa yangu ina nukta 384 kwa mstari, gawa kwa nane, unapata 48. Nembo ina mistari 300. Kwa hiyo kichwa cha amri ni:

29 118 48 0 48 0 44 1

48 ya kwanza ni herufi ya sifuri ndani ya amri. 48 ya pili ni upana. Zimegongana kwa bahati tu, na usiku wa kwanza nilifuta moja nikidhani nimeiandika mara mbili. Printa ikasogeza maana ya kila kilichofuata, ikatoa utepe wa takataka uliofika sakafuni. Angalia pia 44 na 1: hiyo ni 300, kwa sababu 44 jumlisha 1 mara 256. Ukizigeuza ziwe 1 na 44, umeiambia printa ingoje mistari 11,265. Itakaa kimya, taa inawaka, na wewe utadhani waya wa USB umekufa.

Nembo hiyo ni baiti 14,400. Ipange yote kwenye safu moja, kisha iachie `write-sequence` moja, ufuatishe na `finish-output`. Kwenye Linux printa ikionekana kama `/dev/usb/lp0`, ifungue kwa `:if-exists :overwrite`. Usitumie `:supersede`, maana hiyo inakusudia faili jipya lishike nafasi ya la zamani, na printa si faili la kubadilishwa.

Kwa kazi hii sikuhitaji maktaba yoyote. Namba mbili za biti 16, basi.

Mkondo wa biti 32: mtego mzuri

Lisp inakuruhusu kufungua faili kwa `:element-type '(unsigned-byte 32)`. Kisha `(write-byte 50000 f)` inaandika baiti nne kwa mkupuo mmoja, ingawa jina linasema baiti. Hakuna `ldb`, hakuna mzunguko. Nilipoiona nilifurahi kama mtu aliyeokota noti barabarani.

Hii ndiyo iliyotuletea bilioni. Kiwango cha Common Lisp hakisemi baiti ipi itangulie kwenye faili. SBCL, kompaila ya Common Lisp, inafuata mpangilio wa kompyuta yenyewe, na kompyuta zetu za Intel na AMD zinatanguliza ndogo. Java, kwa `DataInputStream`, inatanguliza kubwa, siku zote. Tena faili lote linakuwa la namba za biti 32 tu: huwezi kupenyeza namba ya biti 16 wala jina la mtu katikati. Mimi naitumia tu kwa mafaili ya muda ambayo programu moja inayaandika na kuyasoma saa hiyohiyo kwenye mashine ileile.

nibbles: nilipotua kwa rekodi

Rekodi ya manunuzi stooni ina namba nne: namba ya mkulima, gramu, shilingi, na muda. Kila moja baiti nne, jumla 16. Gramu badala ya kilo, ili mizani ikisema kilo 18.35 niandike 18350 nisishughulike na desimali. Kwa nibbles inakuwa hivi:

```lisp
(let ((r (make-array 16 :element-type '(unsigned-byte 8))))
  (setf (nibbles:ub32ref/be r 0)  1207   ; mkulima
        (nibbles:ub32ref/be r 4)  18350  ; gramu
        (nibbles:ub32ref/be r 8)  165150 ; shilingi
        (nibbles:ub32ref/be r 12) (- (get-universal-time) 2208988800))
  (write-sequence r f)
  (finish-output f))
```

Ninachokipenda ni jina. `/be` ni kubwa kwanza, `/le` ni ndogo kwanza, na huwezi kuita fanksheni bila kuamua. Ule uamuzi nilioukwepa kwenye mkondo wa biti 32 hapa unaandikwa wazi kwenye kila mstari. Zipo za biti 16, 32 na 64, zenye alama na zisizo na alama (`sb32ref/be` ndiyo ya hasi), na zipo za desimali za IEEE kwa wanaosoma vipimo vya joto au umeme wa sola. Ukiiambia iweke 70000 kwenye nafasi ya biti 16, SBCL katika mipangilio yake ya kawaida inagoma kwa kosa la aina, badala ya kukata kama `ldb`. Kwa kasi pia iko mbele, kwa kuwa kwenye SBCL sehemu kubwa ya kazi inashuka hadi maagizo ya prosesa yenyewe. Lakini stoo inayopokea wakulima mia kwa siku haina haja ya kasi hiyo, tusidanganyane.

Ile namba ndefu, 2208988800, ni sekunde kati ya mwanzo wa 1900, ambako saa ya Lisp inaanzia, na mwanzo wa 1970, ambako dunia ya Unix inaanzia. Usipoitoa, muda wa leo unazidi 2,147,483,647, na Java itausoma kama namba hasi. Na hata ukibaki upande wa Lisp peke yako, saa ya 1900 haitaenea tena kwenye biti 32 kuanzia Februari 2036. Si mbali.

Na kwa nini urefu maalumu? Kwa sababu ya umeme. Unakatika Mbale katikati ya kuandika, faili linabaki na mkia. Ukubwa wa faili ukigawanyika kwa 16 bila baki, mambo ni sawa. Ukibaki na 7, unajua rekodi ya mwisho haikukamilika, unaikata, unamwuliza Mama, unaandika upya. Rekodi za urefu unaobadilika hazikupi nafuu hiyo.

Kwa jumla ya msimu, ongeza nafasi. `int` ya Java inaishia bilioni 2.147, na kwa shilingi yetu hiyo si jumla ya kutisha kwa mnunuzi wa kahawa. Jumla ninaiandika kwa `ub64ref/be`, na mwenzangu anaisoma kwa `readLong`.

ironclad, na kwa nini niliirudisha

Ukitafuta fanksheni ya kugeuza namba kuwa safu ya baiti, utaelekezwa haraka kwa `ironclad:integer-to-octets`. Jina ndilo hasa unalolitaka. Shida ni kwamba ironclad ni maktaba ya usimbaji wa siri, na fanksheni hii imezaliwa kwa ajili ya namba ndefu za ufunguo. Ukiiacha na mazoea yake, inapima urefu wa namba yenyewe: 50000 inatoa `#(195 80)`, baiti mbili, wala si nne. 200 inatoa moja. Sifuri inatoa safu tupu. Ukiandika rekodi namna hiyo, mkulima ambaye hakulipwa kitu anafuta nafasi yake na kuwavuta walio nyuma yake.

Kama tayari unayo kwa ajili ya saini au hashi, na namba yako ina biti 2048, itumie bila wasiwasi, iko mahali pake. Kuipakua kwa bando lako na kuingoja ikikompaili kwenye laptopu kuukuu kwa ajili ya namba za risiti ni kukodi lori la kubebea chapati.

lisp-binary: tangaza umbo, uachane na hesabu

```lisp
(defbinary rekodi (:byte-order :big-endian)
  (mkulima  0 :type (unsigned-byte 32))
  (gramu    0 :type (unsigned-byte 32))
  (shilingi 0 :type (unsigned-byte 32))
  (muda     0 :type (unsigned-byte 32)))
```

Kutokana na hilo unapata muundo wa kawaida wa Lisp, `make-rekodi`, na uwezo wa kuita `write-binary` na `read-binary`. Umbo moja, kuandika na kusoma kote. Kwa faili lenye sehemu thelathini, au lenye sehemu ambayo urefu wake umetajwa na sehemu nyingine, hii ndiyo ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Kwa namba zangu nne niliona makro inanificha kile nilichotaka kukiona. Siku ripoti ikikosea, nataka kuhesabu baiti kwa kidole, na kwa nibbles zile 0, 4, 8, 12 ziko mbele yangu. Mwenzangu hakubaliani nami kabisa. Yeye anasema ni ukaidi.

Ipo pia fast-io, inayojenga safu ya baiti inayokua kadiri unavyoandika. Inafaa ujumbe wa mtandao ambao hujui urefu wake mapema. Sikuihitaji stooni.

Majina ya watu na mahali

Namba zikishakaa sawa, mtu atakuomba uongeze jina. Usiandike urefu wa herufi, andika urefu wa baiti. Kwa Kiswahili unaweza kukosea hapa miaka na usijue, kwa sababu herufi zetu zote zinaenea baiti moja moja. Kwa Kiganda utajua siku ya kwanza. Neno eŋŋaali, yule ndege aliye kwenye bendera, lina herufi saba, lakini kila ŋ ni baiti mbili katika UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti. `length` inakwambia 7. `(sb-ext:string-to-octets "eŋŋaali" :external-format :utf-8)` inakupa safu ya baiti 9. Geuza kwanza, pima safu, andika urefu, kisha andika safu. Ukipima kabla ya kugeuza, baiti mbili za mwisho zitasomwa kama mwanzo wa namba inayofuata, na Mama ataniita tena kwenye skrini.

Kabla hujampelekea mtu faili, litazame kwa `od -A d -t u1 manunuzi.dat`. Andika rekodi moja ya 50,000 na utafute zile baiti nne. Mimi nimebandika karatasi pembeni ya mizani: upande wa Java, 0 0 195 80, upande wa printa, ndogo kwanza. Msaidizi wa stoo anadhani ni namba za bahati nasibu.